Kufuata pauni ya msaada: kutoka Hazina ya London hadi wilayani kwako

Bango la mradi halisemi mengi. Lina bendera ya Uingereza, jina la mradi, labda jina la halmashauri, na maneno ya kwamba fedha zimetoka kwa Waingereza. Ni kiasi gani, nani alikipanga, kiasi gani kilibaki njiani na kwa nini wilaya jirani haikupata, hayo bango halijui. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyajua: mwandishi wa habari, diwani, mtu wa asasi ya kiraia, au mwananchi aliyechoka kuambiwa "wahisani wametoa" na baadaye "wahisani wamejitoa" bila maelezo.

Nimechagua Uingereza kwa sababu vitabu vyake vya misaada viko wazi kuliko vya serikali nyingi, na kwa sababu imo katika miradi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo kwa miaka mingi. Ukishajua njia hii, ya Norway au Ujerumani utaipata kwa kubahatisha kidogo tu.

Kabla hujaanza, shika jambo moja. Watu wengi hudhani mgawo huanzia kwenye shida: London wanaangalia nani maskini, wanapanga mafungu, wanatuma. Mambo huenda kinyume chake. Kwanza siasa za kwao huamua ukubwa wa chungu, kisha wao wenyewe huchota, kisha mashirika ya kimataifa huchota, na fungu la nchi yako hutoka katika kinachobaki. Kwa hiyo tutafuata hesabu ya kutoa.

HATUA YA KWANZA: Jua ukubwa wa chungu

Kipimo ni asilimia ya pato ghafi la taifa. Umoja wa Mataifa uliweka lengo la asilimia 0.7 mwaka 1970. Uingereza ililifikia kwa mara ya kwanza mwaka 2013, na mwaka 2015 Bunge likalitungia sheria. Mwishoni mwa 2020 serikali, ikilalamikia gharama za korona, ilitangaza kushusha hadi asilimia 0.5. Julai 2021 Bunge la Makabwela likapiga kura kuhusu masharti ya kurudi 0.7, yaani serikali isiwe inakopa kwa matumizi ya kila siku na deni la taifa liwe linashuka. Kura 333 ziliunga mkono masharti hayo dhidi ya 298. Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kushuka tena, hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi.

Sheria ya 2015 haikufutwa. Inasema kwamba serikali isipofikia lengo, waziri apeleke maelezo bungeni kueleza kwa nini. Basi. Hakuna mahakama ya kumshtaki. Ukisikia mtu anasema "misaada yao iko kisheria", mwulize sheria hiyo ina meno gani.

Kwa vile kipimo ni asilimia, uchumi wao ukinywea chungu kinapungua hata kama hakuna aliyetangaza lolote. Njaa ya Turkana haimo katika kanuni hiyo.

HATUA YA PILI: Toa kisichovuka bahari

Hapa ndipo utakapokaa muda mrefu, na ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Kanuni za kuhesabu misaada hutungwa na kamati ya nchi wahisani iliyo chini ya OECD, jumuiya ya nchi tajiri yenye makao Paris. Kanuni hizo zinaruhusu nchi tajiri kuhesabu kama msaada gharama za kuwahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi ndani ya nchi yake yenyewe, kwa mwaka wao wa kwanza. Chumba cha hoteli anacholala mwomba hifadhi huko Uingereza kinaweza kuingia katika daftari lilelile la chanjo za Kigoma.

Hilo halikuwa jambo kubwa hadi Waafghani na Waukreni walipofika kwa wingi, na waomba hifadhi wakawekwa hotelini kwa miezi. Mwaka 2022 gharama hizo zilifika pauni bilioni 3.7, zaidi ya robo ya misaada yote ya mwaka ule. Mwaka 2023 zikawa bilioni 4.3 kati ya 15.3. Mwaka 2024 zikashuka hadi bilioni 2.8.

Madhara yake yalionekana mbali na London. Katikati ya 2022, Wizara ya Mambo ya Nje ilisitisha malipo ya misaada isiyo ya lazima kwa miezi kadhaa, kwa sababu wizara nyingine, ile ya Mambo ya Ndani, ilikuwa inatumia fedha za chungu kilekile na hakuna aliyejua bili ya hoteli itaishia wapi. Kama mradi wako uliambiwa "subirini kidogo" wakati ule, huenda sababu haikuwa ripoti yenu mbovu.

Kwa hiyo, ukishika takwimu ya mwaka, jambo la kwanza ni kutafuta mstari wa gharama za wakimbizi ndani ya nchi. Umo katika taarifa ya takwimu za misaada ambayo serikali huitoa kila mwaka, ya awali kwanza, kisha ya mwisho. Utoe. Kisha tazama orodha ya wizara zinazotumia fedha hizo. Utakuta si Mambo ya Nje peke yake: wamo wa Afya, wa Sayansi, wa Mazingira. Baadhi ya fedha hizo ni utafiti unaofanywa katika vyuo vyao kuhusu magonjwa yetu. Sisemi ni ubaya; chanjo zilianzia maabara. Ila usizihesabu kama pesa zilizokuja.

HATUA YA TATU: Toa kilichokwisha ahidiwa mashirika ya kimataifa

Uingereza huchangia mifuko mikubwa kwa ahadi za miaka kadhaa. Desemba 2024 iliahidi pauni bilioni 1.98 kwa IDA, mfuko wa Benki ya Dunia wa mikopo nafuu na ruzuku kwa nchi maskini. Juni 2025 iliahidi bilioni 1.25 kwa Gavi, muungano wa chanjo, kwa miaka ya 2026 hadi 2030. Ahadi hizo zikishatolewa mbele ya kamera haziguswi kirahisi, kwa hiyo siku ya kukata, panga hushuka kwenye miradi ya nchi mojamoja.

Fedha hizi si kwamba zimepotea kwetu. Tanzania, Kenya na Uganda ni wateja wakubwa wa IDA, na barabara ya mkopo wa Benki ya Dunia ina pauni ndani yake. Ila jina la Uingereza halimo kwenye bango, na aliyepanga mgawo si London tena.

Fanya hesabu ya mwaka 2023 uone. Chungu, bilioni 15.3. Toa wakimbizi, 4.3. Toa mashirika ya kimataifa, zaidi ya 5. Kilichobaki hakifiki bilioni 6, na humo bado mna misaada ya dharura, utafiti, na miradi isiyo na nchi maalumu.

Humo mna pia mtaji wa British International Investment, kampuni ya uwekezaji ya serikali iliyoanzishwa 1948 kwa ajili ya makoloni. Hii haitoi ruzuku, inanunua hisa na kukopesha. Mitambo ya Songas pale Ubungo, iliyouza umeme Tanzania kwa miaka 20 hadi mkataba ulipokwisha 2024, mmiliki wake mkubwa ni Globeleq, na Globeleq ni mali ya kampuni hiyo pamoja na Norfund ya Norway. Msaada wa namna hii hurudi na faida. Uweke safu yake peke yake.

HATUA YA NNE: Angalia nchi yako iko wapi kwenye orodha, lakini usiiamini sana

Kamati ileile ya Paris ina orodha ya nchi zinazostahili kuhesabiwa kuwa zimepewa msaada. Inapitiwa kila miaka mitatu, na nchi iliyokaa juu ya mstari wa kipato cha juu kwa miaka mitatu mfululizo huondolewa. Shelisheli, jirani zetu, walitolewa Januari 2018. Tanzania iliingizwa na Benki ya Dunia katika kipato cha kati cha chini Julai 2020, ila kwa Umoja wa Mataifa bado ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kenya iko kipato cha kati cha chini tangu 2014 na haimo katika kundi hilo la pili. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu London ikipanga fungu la "nchi duni zaidi", Dar es Salaam imo na Nairobi haimo.

Kuwa kwenye orodha ni kama kuwa na tiketi ya kuingia ukumbini. Sahani ni habari nyingine.

Mfano mzuri ni Burundi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilipitia misaada yake yote ya nchi kwa nchi. Kila ofisi ya nchi iliandika ofa: tukipewa kiasi hiki, tutasomesha watoto kadhaa, tutagawa vyandarua kadhaa. Ofa zikapimwa, pamoja na kipimo kilichochanganya uhitaji wa nchi na uwezo wa msaada kufanya kazi pale. Nchi 16 zikapangiwa kufungiwa. Burundi, mojawapo ya nchi maskini kuliko zote duniani, ilikuwamo, na ofisi ikafungwa 2012. Hoja ilikuwa kwamba mradi ni mdogo, gharama za ofisi ni kubwa, na wahisani wengine wapo. Kamati ya Bunge la Makabwela ilipinga uamuzi huo, haukubadilishwa.

Kwa hiyo ukitaka kubashiri fungu, angalia vitu vinne kwa pamoja: umaskini, ukubwa wa ofisi yao iliyopo tayari, maslahi ya usalama na historia, na mwenendo wa serikali inayopokea. Mwaka 2023 nchi iliyopokea zaidi kutoka Uingereza moja kwa moja ilikuwa Ukraine. Hapo vita vilipanga, si umaskini.

Kuhusu mwenendo, Rwanda inatosha. Kwa miaka mingi ilikuwa kipenzi cha wahisani kwa sababu fedha zilionekana zimefanya kazi. Mwaka 2012, baada ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuandika juu ya uungaji mkono wake kwa waasi wa M23 huko Kongo, Uingereza ilizuia pauni milioni 21 za msaada wa kibajeti, yaani fedha zinazoingia moja kwa moja katika bajeti ya serikali. Mwaka 2025 M23 ilipoingia Goma na Bukavu, Uingereza ikasitisha tena sehemu ya misaada ya moja kwa moja kwa Rwanda. Tanzania nayo ilionja mwaka 2014: kashfa ya Tegeta Escrow ilipolipuka, wahisani 12 wa msaada wa kibajeti walizuia takriban dola milioni 490. Somo la kuandika pembeni ya daftari: msaada wa kibajeti ndio rahisi kuliko yote kukatwa, kwa sababu hauna wodi wala darasa la kuonyesha kwenye televisheni siku ukikatwa.

HATUA YA TANO: Tafuta mradi wenyewe

Sasa ondoka kwenye mafungu, ingia kwenye mradi. Serikali ya Uingereza ina tovuti iitwayo DevTracker. Ifungue, chagua nchi, utaona miradi yake kwa jina, bajeti, tarehe na namba. Miradi ya Wizara ya Mambo ya Nje namba zake huanza na GB-GOV-1. Nakili namba hiyo. Majina ya miradi hubadilika, namba haibadiliki.

Ndani ya ukurasa wa mradi zipo nyaraka. Wengi hukimbilia bajeti wakaishia hapo. Wewe anza na andiko la mradi, linaloitwa pale Business Case. Humo wamesema tatizo ni nini, njia zipi walizifikiria wakaziacha, na wanaamini nini ambacho hawajakithibitisha. Sehemu ya dhana na hatari ndiyo nyama. Wenye umri mkubwa Kongwa watakuambia kwa nini. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki 9, ukarudi na mpango wa mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mvua ilikuwa haba, na kiangazi kilipofika udongo wa Kongwa ukakauka kama saruji. Hadi serikali yao inafuta mpango huo 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Kwa hiyo andiko linapokuambia "walimu watatumia mafunzo haya darasani", jiulize nani aliuchimba udongo.

Kisha soma tathmini ya kila mwaka. Ina alama: A ni kwamba mradi umefanya kilichotarajiwa, B umepungukiwa, C hali si nzuri, na A yenye jumlisha umezidi. Soma maelezo yaliyo chini ya alama, si alama peke yake, kwa sababu malengo huweza kushushwa katikati ya safari na mradi ukapata A kwa kuruka kamba iliyoteremshwa. Linganisha jedwali la malengo la mwaka wa kwanza na la mwaka wa tatu.

Mwisho, angalia nani anapokea hela. Kuna njia tatu kubwa: mkataba wa zabuni na kampuni, ruzuku kwa asasi, au makubaliano na serikali au shirika la Umoja wa Mataifa. Kisera Uingereza iliacha tangu 2001 kulazimisha fedha zake zitumike kununua vya kwao. Kiutendaji, mikataba mikubwa ya usimamizi bado huangukia zaidi kampuni za Uingereza, maana ndizo zinazojua kuandika zabuni zile. Asasi ya Singida itakutwa ngazi ya tatu au ya nne kushuka, ikiwa mkandarasi mdogo wa mkandarasi mdogo, na kila ngazi imekata gharama zake za uendeshaji. Uliza ngazi ni ngapi.

HATUA YA SITA: Linganisha na vitabu vya nyumbani

Chukua mfano wa Shule Bora, mpango wa elimu ya msingi Tanzania wenye pauni milioni 89 za Uingereza katika mikoa 9. Serikali ndiyo mtekelezaji, na kampuni ya Cambridge Education inaongoza usaidizi wa kitaalamu. Mpango kama huo una fedha za aina mbili: zinazopita Hazina ya Dodoma na zisizopita. Zinazopita utazikuta katika kitabu cha bajeti ya maendeleo kwenye safu ya fedha za nje. Zisizopita, yaani mishahara ya washauri, magari, warsha, hutazikuta huko hata ukeshe.

Basi usimwendee mkurugenzi wa halmashauri na takwimu ya milioni 89 ukamwuliza amezipeleka wapi. Atakuona mjinga, na atakuwa na haki. Mwulize iliyoingia katika akaunti yake, kisha waulize wengine iliyobaki.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni rafiki yako hapa. Tanzania na Kenya zote mbili hukagua miradi ya wahisani, na utaona fedha zilizoahidiwa, zilizotoka, na zilizolala benki kwa sababu zilifika Mei mwaka wa fedha unafungwa Juni.

HATUA YA SABA: Beba kalenda tatu

Mwaka wa fedha wa Uingereza huanza Aprili. Wa kwetu Afrika Mashariki huanza Julai. Na lengo la asilimia hupimwa kwa mwaka wa kawaida, Januari hadi Desemba. Ndiyo maana kuna mbio za Desemba London: ikionekana hawatafikia kiwango, huweza kukabidhi mifuko ya kimataifa hati za ahadi, na hati hukubaliwa kama msaada siku ilipowekwa, hata kama fedha zitachotwa miaka ijayo. Ikionekana watazidi, malipo yako ya Desemba yanasogezwa hadi Januari. Usipange semina ya Desemba kwa fedha ambazo hazijafika.

HATUA YA NANE: Uliza kwa maandishi

Sheria ya Uingereza ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2000 haiulizi uraia. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kuandika barua pepe kwa wizara, akataja jina lake, mahali pa kujibiwa na taarifa anayotaka. Wana siku 20 za kazi kujibu. Wanaweza kukataa kama kazi ya kuitafuta itazidi pauni 600, kwa hiyo swali lako liwe jembamba: mradi mmoja, kwa namba yake, mwaka mmoja, nyaraka moja au mbili. Wanaweza pia kukataa kwa hoja ya uhusiano wa kimataifa. Hapo omba wapitie upya uamuzi, kisha peleka kwa Kamishna wa Taarifa.

Kama una ndugu anayeishi Leicester au mashariki ya London, ana njia ya ziada. Mbunge wake anaweza kumwuliza waziri swali la maandishi, na jibu huchapishwa. Wabunge hawashughulikii barua za wasio wakazi wa jimbo lao, ndiyo maana nimesema ndugu.

Nyaraka moja usisahau kuiomba: agizo la maandishi la waziri. Mtendaji mkuu wa wizara akiona matumizi hayana thamani, anayo haki ya kumwambia waziri, "Niandikie." Mwaka 1991 Tim Lankester, mtendaji mkuu wa idara ya misaada, alifanya hivyo juu ya bwawa la umeme la Pergau, Malaysia, la pauni milioni 234, lililokuwa limefungamana na biashara ya silaha. Waziri akaandika, bwawa likajengwa. Lakini karatasi ilibaki. Wakaguzi wakaifikia, wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu, na Novemba 1994 mahakama ikasema fedha zile zilitolewa kinyume cha sheria. Sheria ya 2002 inayotaka msaada wa maendeleo ulenge kupunguza umaskini ilitungwa na nchi iliyokwisha kupitia hayo. Katika ombi lako, chini ya namba ya mradi, ongeza mstari mmoja: "Je, kuna agizo lolote la maandishi la waziri kuhusu mradi huu? Kama lipo, naomba nakala."